Chakula Kikishaingia Bwawani

Samaki wakifa bwawani kwa usiku mmoja, mfugaji hupewa majibu mawili. Aliyemuuzia chakula atamwambia maji yake yameharibika. Aliyemchimbia bwawa atamwambia chakula alichonunua ni hafifu. Kila mmoja ana bidhaa ya kutetea, na kila mmoja anaweza kuwa na ukweli kiasi, ila wote wanazungumza kana kwamba lishe na maji ni kesi mbili tofauti. Kwa ng'ombe ungeweza kuzitenganisha: hori liko huku, samadi iko kule. Samaki anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale, kwa hiyo kila unachomlisha unakitia pia kwenye hewa yake.

Nairobi jambo hili halimhusu tena mtu mmoja mmoja. Kuna mabwawa Ruai, Kamulu, Kikuyu na Ngong, kuna matangi ya plastiki nyuma ya nyumba, na kuna wakulima wa simu wenye mabwawa Kirinyaga au Siaya wanaoyasimamia wakiwa ofisini mjini. Wengi waliingia na hesabu ya faida: vifaranga wangapi, kilo ngapi, shilingi ngapi. Hesabu ya maji haikuwemo.

Basi tuifanye. Chukua kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30. Hapo kuna gramu 300 za protini, na kwa kuwa takriban asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, umemwaga majini gramu 48 za nitrojeni. Tilapia aliyetunzwa vizuri hubakiza mwilini robo hadi theluthi ya hiyo. Iliyobaki, zaidi ya gramu 30, inarudi kwenye maji, na sehemu kubwa haipiti kwenye kinyesi. Hutoka moja kwa moja kwenye matamvua ikiwa amonia. Huioni wala huwezi kuichota kwa wavu. Maji yanaweza kuwa safi kwa macho na yawe yameshaanza kuwa sumu.

Sasa iweke kilo hiyo mahali. Bwawa la mita za mraba 300, kipimo kilichoenezwa nchi nzima na mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009, likiwa na kina cha mita moja lina lita 300,000. Humo, nitrojeni iliyorudi kutoka kilo moja ya chakula inaongeza takriban miligramu 0.1 kwa lita. Samaki elfu moja wenye gramu 200 kila mmoja watakula karibu kilo tano kwa siku, na hapo nyongeza ni zaidi ya miligramu 0.5 kwa lita kila siku, kama hakuna kinachoiondoa. Ipeleke kilo ile ile kwenye tangi la lita 10,000 nyuma ya nyumba: ni zaidi ya miligramu 3 kwa lita kwa siku moja. Ndiyo maana ushauri mzuri wa jirani mwenye bwawa unaweza kumuulia samaki mwenye tangi, na jirani hakukosea chochote.

Kwa bahati nzuri kuna wa kuiondoa. Mwani, ule unaoyapa maji rangi ya kijani, hunyonya amonia kama mbolea. Bakteria nao hufanya kazi kwa zamu mbili: kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hawa huchukua wiki kadhaa kujijenga, mara nyingi nne hadi sita. Tangi jipya lililosuguliwa likang'aa, likajazwa maji na vifaranga siku moja, halina hata mmoja wao. Hatari zaidi ni pale kundi la kwanza linapowahi na la pili likachelewa, nitriti ikajaa katikati. Nitriti huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, damu inageuka kahawia, na samaki anatweta ndani ya maji yenye oksijeni tele. Wafugaji wazoefu huweka chumvi kidogo wakiona dalili hizi. Kloridi iliyo kwenye chumvi hushindana na nitriti mlangoni, pale kwenye matamvua, na nyingi ya nitriti inabaki nje.

Amonia yenyewe ina hali mbili majini, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa na vifaa vya kupimia. Kuna ile yenye chaji, ambayo haina madhara makubwa, na kuna ile isiyo na chaji, ambayo hupenya matamvua na kuua. Kifaa cha kawaida husoma jumla ya zote mbili. Kinachoamua mgawanyo ni hasa pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na halijoto. Maji yakiwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia moja ya jumla. pH ikipanda hadi 8 inakuwa karibu asilimia 5. Ikifika 9, inazidi theluthi. Kwa hiyo miligramu 2 kwa lita zinaweza kuwa si kitu asubuhi na ziwe balaa alasiri ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa mwani ukipata jua hunyonya kaboni dioksidi na pH hupanda kutwa nzima. Amonia yenye sumu ikiwa bado chini ya miligramu 0.1 kwa lita, tilapia huanza kupoteza hamu ya kula. Hafi. Anakula kidogo tu, anakua polepole, na mfugaji anabadilisha kampuni ya chakula.

Hatari ya kukosa oksijeni ina ratiba iliyo kinyume chake: oksijeni huwa tele alasiri na haba alfajiri. Mchana mwani hutengeneza oksijeni. Usiku mwani wenyewe hupumua, samaki wanapumua, na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula chini wanapumua pia. Mpaka kabla ya jua kuchomoza, akiba imekwisha.

Nairobi tumeongezewa mzigo mwingine ambao vitabu vingi vya ufugaji havisemi, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji ya nyuzi 25 kule Mombasa yanaweza kushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Hapa yanashika kama 6.7. Tilapia hustawi oksijeni ikiwa juu ya miligramu 5, na ikishuka chini ya 3 huanza kuteseka. Mfugaji wa pwani ana nafasi ya kukosea ambayo wa Ruai hana.

Mazungumzo ya namna hii hufanyika mara nyingi kuliko wafugaji wanavyokiri. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kijana wa shamba anampigia mwenye bwawa. "Mama, wamekuja juu tena. Wanafungua midomo hapo juu kabisa." Mama yuko kwenye msongamano wa Thika Road. "Watakuwa na njaa. Wape chakula kidogo." Kijana anachota, anamwaga, wachache wanadonoa, wengine hawageuki. Punje zinazunguka juu ya maji na kuanza kulowa.

Samaki wale hawakuwa na njaa. Walikuwa wanavuta utando mwembamba wa maji ulio juu kabisa, unaogusana na hewa, kwa kuwa ndio pekee uliobaki na oksijeni. Kumlisha samaki katika hali hiyo ni kumwongezea deni, maana kusaga chakula kwenyewe kunahitaji oksijeni zaidi kwa saa kadhaa. Na kile ambacho hakikuliwa kinazama na kuoza. Jibu sahihi lilikuwa kuingiza maji mapya yanayoanguka kutoka juu, au kuwasha pampu ya hewa, na kusahau chakula siku hiyo mpaka jua liwe limewaka vizuri. Bwawa lisilo na pampu lilishwe saa nne asubuhi na tena saa tisa au kumi alasiri. Ule utaratibu wa kulisha saa kumi na mbili kabla ya kwenda kazini ni ratiba ya binadamu.

Kambare hatakuonya. Ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, na atazunguka kwa amani kwenye maji ambayo tilapia wameshageuka matumbo juu. Anayefuga wawili hao pamoja asimtumie kambare kama kipimo cha maji.

Rangi ya maji ni kipimo cha bure. Zamisha mkono polepole ukiwa umenyoosha vidole chini. Kama kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi: mchana utakuwa na pH ya juu, alfajiri hutakuwa na oksijeni. Kama kiwiko kimezama na bado unaona vidole vyote vizuri, bwawa ni maskini, na tilapia anakosa chakula cha bure. Wiki za mawingu za Julai ndizo za kuangalia zaidi, kwa sababu mwani uliozoea jua hufa kwa mkupuo, ukaoza, na oksijeni ikaondoka nao. Haya hayaishii kwenye vidimbwi. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi Ziwa Victoria upande wa Kisumu, na chanzo kilichotajwa kilikuwa maji ya chini yenye oksijeni haba kupanda juu. Ngege, yaani tilapia, wa ziwani angeweza kukimbia. Wa kizimbani hana pa kwenda.

Julai ina jambo jingine: baridi. Samaki hana joto lake mwenyewe. Kwa kadiri, kila nyuzi 10 zinazopungua hukata kasi ya mwili wake kwa nusu. Tilapia hustawi kati ya nyuzi 26 na 30, huzembea kula chini ya 20, huacha kabisa zikikaribia 16, na zikishuka kuelekea 10 hufa. Usiku wa Julai wa Nairobi hewa hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Maji hayashuki haraka kiasi hicho, lakini bwawa lisilofunikwa hukaa chini ya 20 kwa wiki nyingi. Anayeendelea kupima chakula kile kile cha Februari anapoteza pesa mara mbili: samaki hawali, na chakula kinaharibu maji ambayo bakteria wake nao wamepoa. Miezi hiyo punguza mpaka nusu, au lisha tu wakati wa joto la mchana, uone wanamaliza kwa dakika ngapi. Zikizidi kumi na bado kuna punje juu ya maji, umezidisha. Nyumba ya plastiki juu ya bwawa si mapambo kwa mtu wa Limuru. Na kwa maoni yangu, udhaifu wa ule mpango wa 2009 ulikuwa hapa: mabwawa yalihesabiwa kwa eneo bunge, 200 kwa kila moja katika maeneo bunge 140, wakati samaki wanahesabu nyuzi joto. Ukanda wa baridi kali una samaki wake, trauti, anayependa maji yanayotiririka ya nyuzi 10 hadi 16, ndiyo maana kituo cha kumzalisha kiko Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, na si Athi River.

Turudi kwenye gunia. Wengi wakinunua chakula husoma namba moja tu, asilimia ya protini. Vifaranga wa tilapia wanahitaji 40 au zaidi, wakubwa 25 hadi 30; kambare, ambaye huegemea zaidi nyama, huhitaji kama 35 na kuendelea hata akikua. Tofauti hii imo tumboni. Tilapia ana utumbo mrefu mara kadhaa ya mwili wake, na asidi ya tumbo lake ni kali kiasi cha kupasua ukuta wa chembe za mwani. Ukimlisha tilapia mkubwa chakula cha kambare hatakua haraka zaidi. Protini asiyoihitaji kujengea nyama ataichoma kama kuni za kupatia nguvu, na nitrojeni yake itatoka kwenye matamvua. Ulilipia nyama, ukapata amonia.

Hata hiyo namba kwenye gunia ina ujanja. Maabara kwa kawaida hazipimi protini yenyewe. Hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Namba haisemi kama protini hiyo ina amino asidi ambazo samaki anazihitaji, hasa lisini na methionini. Chakula kilichojazwa mashudu kinaweza kusoma 30 sawa na chakula chenye unga wa samaki, lakini amino asidi moja ikipungua, zile zinazozidi kiwango chake hazina kazi. Zinachomwa, na tumerudi kwenye amonia. Soya ambayo haikupikwa vizuri huja na vizuizi vinavyozima vimeng'enya vya kusagia protini. Fosforasi iliyomo kwenye nafaka na soya kwa sehemu kubwa imefungwa katika umbo la faiteti, na tumbo la samaki haliwezi kuifungua. Inapita moja kwa moja hadi majini, bakteria wanaifungua huko, na mwani unafurahi. Wiki chache baadaye mfugaji anashangaa maji yamekuwa ya kijani kizito na samaki wanakuja juu alfajiri. Chanzo kilikuwa kwenye gunia.

Unga wa samaki wenyewe hapa kwetu ni omena, yaani dagaa, na omena ana wateja wengine. Kila tani inayoingia kiwandani imetoka kwenye sufuria ya mtu Kawangware au Kisumu, na aliyekaushwa ufukweni huja na mchanga wake, ambao unalipiwa kwa kilo. Ndiyo maana nina matumaini na funza wa nzi askari mweusi, ambao kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani kimekuwa kikiwafanyia utafiti kama chakula cha mifugo. Funza hawa hukua kwenye mabaki ya vyakula, na wakikaushwa protini yao hufika karibu asilimia 40. Ila mafuta yao si mafuta ya samaki. Yana omega-3 ndefu kidogo mno, na mafuta ya chakula ndiyo yanayokuja kuwa mafuta ya minofu. Tilapia aliyelishwa funza na mahindi pekee atanenepa vizuri tu, lakini anayemla kwa ajili ya omega-3 atakuwa ameahidiwa kitu ambacho hakipo.

Halafu kuna stoo. Samaki wengi wanaofugwa hawawezi kujitengenezea vitamini C, sawa na sisi. Vitamini hiyo hufa taratibu kwa joto, unyevu na hewa. Gunia lililokaa miezi chini ya mabati litamshibisha samaki na kumpinda mgongo. Ukiona vifaranga wenye uti wa mgongo kama herufi S, uliza tarehe ya gunia kabla hujamlaumu aliyekuuzia vifaranga hao. Unyevu huleta pia kuvu, na kuvu huleta aflatoksini, ambayo kila Mkenya anaijua kwa mahindi. Samaki nao inawapata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya trauti Marekani yalikumbwa na uvimbe wa saratani ya ini kwa maelfu ya samaki, na uchunguzi ukaishia kwenye chakula, hasa mashudu ya pamba yaliyokuwa na sumu hiyo. Tilapia ni mgumu kuliko trauti, lakini ini lake nalo si chuma. Chakula chenye harufu ya uvundo usikichanganye na kizuri "kiishe". Kitupe.

Kamba na kaa wanahitaji maelezo yao, kwa sababu karibu kila kanuni hapo juu inawagusa kwa namna nyingine. Wafugaji wengi wa mjini huwaona hotelini kwa bei ya kuvutia na kujiuliza kwa nini wasiwafuge Nairobi.

Kwanza, ulaji. Tilapia hunyakua na kumeza. Kamba huishika punje kwa miguu ya mbele, akaigeuza, akaikwangua taratibu, anaweza kuchukua muda mrefu kwa punje moja. Chakula cha tilapia kitakuwa kimeshayeyuka, vitamini zake zimeshaenda, kabla hajafika nusu. Chakula chake kinahitaji kitu cha kukishikanisha kikae majini saa kadhaa bila kumomonyoka. Pili, mwili wake hauwezi kutengeneza kolesteroli, ambayo ndiyo malighafi ya homoni inayomfanya abadili gamba. Lazima aipate kwenye chakula. Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, kwa hiyo shaba kidogo kwenye lishe ni ya lazima, ingawa shaba ile ile ikiyeyuka majini kwa wingi ni sumu kwake. Hata ile rangi ya chungwa anayoipata akipikwa hawezi kuiunda mwenyewe. Huanzia kwenye mwani na kupanda kupitia viumbe wadogo anaowala, na kamba wa kufugwa asiyepewa atatoka kwenye sufuria akiwa amepauka.

Lakini kinachomtawala kuliko yote ni gamba. Kaa wa matope, anayefugwa na vikundi vya wenyeji kwenye mikoko ya Kilifi na Kwale, hakui kidogo kidogo kama samaki. Hukaa ndani ya gamba lile lile mpaka limbane, kisha linapasuka kwa nyuma, pale mgongo unapokutana na tumbo. Anajitoa kinyumenyume, anachomoa mguu baada ya mguu, macho pia, hata utando wa ndani wa tumbo unabaki kwenye gamba kuukuu. Akishatoka anafyonza maji na kuvimba, ili gamba jipya likikauka liwe na nafasi ya kukulia. Kwa saa hizo ni laini kabisa, na jirani yake, ambaye jana walikuwa wanagawana punje, atamla. Ndiyo sababu kaa wanaonenepeshwa huwekwa kila mmoja kwenye chumba chake. Kaa mwenye njaa au mwenye upungufu wa madini humla mwenzake haraka zaidi, kwa hiyo lishe duni huonekana kwanza kama idadi inayopungua bila maiti.

Gamba hilo jipya linajengwa kwa kalsiamu, na sehemu kubwa yake hutoka majini. Kamba wekundu wa Naivasha, walioletwa ziwani humo mwaka 1970 na sasa ni wakazi, huhifadhi kalsiamu ya gamba la zamani katika vijiwe viwili tumboni, kisha mara nyingi huligeukia gamba lenyewe wakalila. (Usishawishike kuwahamishia kwenye bwawa lako: hutoboa kingo, huhama kwa miguu usiku, na mto ulio karibu nawe haujawaomba.) Maji laini, yasiyo na madini, humnyima kamba vitu vya kujengea, na maji yanayotoka kwenye milima ya volkano kama Aberdare kwa kawaida huwa laini. Kwa tilapia hiyo ni kero ndogo. Kwa kamba ni gamba lisilokauka.

Wapo wanaojaribu kufuga kamba wa baharini mjini kwa kununua magunia ya chumvi ya mezani. Chumvi ya mezani karibu yote ni sodiamu na kloridi. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalsiamu na potasiamu kwa uwiano maalumu, na kamba mweupe wa Pasifiki anaweza kuishi kwenye maji ya chumvi kidogo kabisa mbali na bahari ikiwa uwiano huo umetunzwa, hasa wa potasiamu. Ukikosekana, atakufa kwenye maji ambayo kipimo cha chumvi kinasema ni sawa. Yule kamba mkubwa wa mitoni ni mwepesi zaidi, ila mabuu wake bado wanahitaji maji ya chumvi nusunusu kabla ya kuhamia maji yasiyo na chumvi. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ina maana ya kununua vichanga kutoka kwa mwingine, kila msimu.

Kuhusu chanzo cha maji nitasema machache. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huunguza matamvua; yaache kwenye tangi wazi siku moja au mbili huku yakipuliziwa hewa, au tumia sodiamu thiosalfeti. Maji ya kisima kirefu hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo sana na mara nyingi kaboni dioksidi nyingi, kwa hiyo yaanguke kutoka juu na kutawanyika kabla ya kuwafikia samaki. Bwawa lililochimbwa kwenye udongo mwekundu wa Kiambu huelekea kuwa na uchachu, na pH yake huyumba sana kati ya asubuhi na jioni. Chokaa ya shambani, ikiwekwa kabla ya kujaza maji, huipa mhimili. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta kwenye bwawa lenye samaki. Hiyo hupandisha pH kwa ghafla, na tumeshaona pH ya juu inaifanyia nini amonia.

Mlaji naye hukutana na haya yote mezani. Ile ladha ya matope ambayo watu wa Nairobi huilalamikia kwa tilapia wa kufugwa, wakisema wa ziwa ndiye mtamu, haitokani na matope. Inatoka kwenye kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na mwani wa kijani-buluu na bakteria fulani, ambao hustawi hasa kwenye mabwawa yaliyolishwa kupita kiasi, yale yenye fosforasi nyingi. Samaki huipata zaidi kupitia matamvua, akiwa anapumua tu, na inajificha kwenye mafuta. Ndimu na tangawizi huipunguza makali, haziimalizi. Dawa yake ni kumhamishia samaki kwenye maji masafi yanayobadilishwa, bila chakula, kwa siku kadhaa kabla ya kumvua. Maji yakiwa ya uvuguvugu hutoka upesi, mwezi wa Julai huchelewa. Wafugaji wengi huziruka siku hizo, kwa sababu samaki asiyekula hupungua uzito na mama samaki wa Gikomba ananunua kwa kilo. Wanaouzia hoteli moja kwa moja ndio wameanza kuzizingatia, maana huko samaki mwenye ladha ya matope hurudishwa siku hiyo hiyo pamoja na oda ya wiki inayofuata.